Namba za spea kwenye Access: uzoefu wangu dukani Tanga

Duka letu la spea za baiskeli na pikipiki liko Ngamiani, hapa Tanga, kule ambako hata barabara huitwa kwa namba. Kila spea mpya ikiingia stoo hupewa namba, ikaandikwa kwenye stika ya boksi na kwenye kompyuta. Kazi hii naifanya kwa Microsoft Access, programu ya kutunza kumbukumbu kwenye majedwali, na nimeridhika nayo sana. Kwa duka lenye kompyuta mbili tatu inatosha kabisa. Ila anayeanza ajue mapema kwamba AutoNumber, yaani namba ambayo Access huitoa yenyewe kwa kila rekodi mpya, haifai kuwa namba ya kubandika kwenye bidhaa.

Kazi ya AutoNumber ni kuipa kila rekodi utambulisho wake, basi. Kufuatana si ahadi yake. Umeanza kuandika spea mpya, mteja akakuita, ukabonyeza Esc: namba ile imeshaliwa, hairudi. Kompyuta haijali pengo. Lakini mwenye mali anayehesabu stoo mwisho wa mwezi akiona 118 kisha 121, swali lake la kwanza ni nani kachukua boksi mbili. Hapo kijana wa stoo, ambaye hana kosa lolote, ndiye anayetazamwa vibaya. Ndiyo maana jambo hili nalichukulia kwa uzito.

Tulichofanya ni kuiacha AutoNumber ifanye kazi yake ndani kwa ndani, ya kuunganisha majedwali, halafu tukaongeza safu ya tarakimu iitwayo Namba. Kwenye fomu, katika tukio la Before Update, yaani sekunde ile kabla rekodi haijahifadhiwa, tukaandika:

If Me.NewRecord Then Me!Namba = Nz(DMax("Namba", "Spea"), 0) + 1

DMax inatafuta namba kubwa kuliko zote kwenye jedwali la Spea. Nz inageuza utupu kuwa sifuri, ili spea ya kwanza kabisa ipate 1. Sharti la NewRecord linazuia spea ya zamani kubadilishiwa namba kila unaporekebisha bei.

Wengine huiweka kwenye Before Insert. Mimi siishauri, maana hiyo huamka ukigusa herufi ya kwanza tu. Mwenzako naye akianza kuandika kwenye kompyuta ya pili kabla hujahifadhi, mnapewa namba moja. Before Update husubiri hadi wakati wa kuhifadhi, kwa hiyo mwanya unakuwa mdogo mno. Mwanya huo uliobaki uzibe kwa kuiwekea safu ya Namba faharasa (index) isiyokubali marudio.

Ukitaka namba ionekane kama 0001, weka 0000 kwenye Format, mahali pa kuamua namba ionekaneje, na safu ibaki ya tarakimu. Ukiifanya maandishi, 10 itapangwa kabla ya 2.

Na usifute rekodi. Ukiifuta spea ya mwisho, DMax itampa anayefuata namba ileile, ilhali boksi la zamani bado lina stika yake. Sisi tuna kisanduku cha tiki kilichoandikwa "Imeondolewa". Spea haionekani tena kwenye orodha ya mauzo, na namba yake haipewi nyingine.