Nyota nne kwa kliniki ya Jumanne iliyouliza kwa nini mdogo wangu hakai chini

Naandika hii kwa ajili ya yule dada au mama mwenye mgonjwa wa akili nyumbani ambaye saa hizi anawaza ampeleke wapi, maana mimi mwaka jana nilihangaika sana kumpata mtu wa kunielekeza na nikakosa. Ni maoni yangu kuhusu sehemu mbili za hapa Dar tulizompeleka mdogo wangu, moja ya kulipia na moja ya serikali ambayo kliniki yake ya akili ni Jumanne. Majina ya hizo sehemu sitaji, mdogo wangu mwenyewe kakubali niandike kwa sharti hilo na mimi naliheshimu.

Mdogo wangu ana miaka 23, ni fundi simu. Ilianza kwa kutolala. Siku ya tatu akawa anasema kuna watu wanamsikiliza kupitia simu za wateja, akazifungua zote akazipanga sakafuni, vioo upande huu, betri upande ule, anakataa mtu asikanyage. Siku ya tisa mimi na mama tukampakia kwenye bajaji tukaenda kliniki ya kulipia, tuliambiwa pale ndo kuna mabingwa.

Kumwona daktari elfu hamsini. Sehemu nzuri, kiyoyozi, viti vya sofa, hamna foleni. Dokta akamuuliza unasikia sauti, unalala, unavuta bangi, akamuuliza na mama maswali mawili matatu, mimi nikaangalia saa, dakika kumi na mbili tushatoka na karatasi imeandikwa skizofrenia, yaani ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo, dawa ya kuutuliza haloperidoli miligramu 5 asubuhi na 5 usiku, mrudi baada ya wiki mbili.

Niseme haki ya Mungu, dawa ilifanya kazi. Usiku wa nne mdogo wangu alilala mpaka asubuhi, mama akawa anaenda kila saa kusikiliza kama anapumua. Ndani ya wiki habari ya kusikilizwa ikapungua, akaanza kuomba chai. Kwa hiyo mtu akiniambia hizi dawa ni utapeli wa wazungu simkubalii, nimeona kwa macho yangu mtu anarudi.

Tatizo la kwanza lilikuwa lile jina la skizofrenia. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dalili ziwepo mwezi mmoja au zaidi ndo useme skizofrenia, na ule wa Marekani unataka miezi sita. Sisi tulikuwa na siku tisa! Kuna watu wanachanganyikiwa ghafla, wiki kadhaa wanapona, na wana jina lao tofauti kwenye miongozo hiyohiyo. Na ujue hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoweza kukuambia huyu ana skizofrenia, vipimo ni vya kuondoa mengine kama malaria, kaswende, HIV, lakini jina lenyewe linatokana na kumsikiliza mtu, kumwangalia na kumpa muda. Sasa kama kusikiliza ndo kipimo chenyewe, kwa dakika kumi na mbili umepima nini? Mwenye kibanda alipoliona lile neno kwenye karatasi (mama alimwonyesha kwa nia njema, kuombea ruhusa) wiki iliyofuata meza ya mdogo wangu ilikuwa na fundi mwingine.

La pili ndo lililonifanya niandike. Kama siku ya kumi ya dawa akaanza kutembea. Sio kutembea kwenda mahali, anatoka mlangoni anafika kwenye karo, anarudi, anatoka, anarudi. Ukimwambia kaa anakaa, hata dakika haijaisha magoti yanacheza, kashasimama. Alikuwa anakula amesimama, sahani mkononi, anahamisha uzito mguu huu mguu huu kama mtu anayekanyaga mchanga wa moto. Usiku unasikia kandambili tu, kwa-kwa-kwa, mpaka adhana ya alfajiri. Nikamuuliza wewe unaenda wapi, akasema dada siendi popote, miguu ndo inakwenda, ndani ya mifupa kuna kitu kinanisukuma. Na akamwambia mama neno ambalo mpaka leo sijalisahau, bora nife kuliko kukosa kutulia namna hii.

Tukarudi kliniki na hiyo habari. Elfu hamsini nyingine. Nikaeleza vizuri kabisa kwamba hii imeanza baada ya dawa. Dokta akamwangalia anavyozunguka pale chumbani akasema bado ana fujo, ugonjwa haujatulia, tunapandisha, 10 asubuhi na 10 usiku. Nikasema dokta lakini kabla hakuwa hivi, akajibu nyie ndugu mna kawaida ya kuisingizia dawa. Yaani mgonjwa anasema dawa inaniumiza na jibu anapewa dawa zaidi, na akilalamika zaidi ndo ushahidi kwamba anaumwa zaidi, unatokea wapi hapo? Siku tano za dozi mpya nyayo zilichubuka. Mama alikuwa anampaka mafuta ya nazi huku anatembea naye, maana kukaa hawezi.

Aliyetutoa huko ni jirani, mama mmoja anayechoma sindano yake ya dawa ya akili kila mwezi hospitali ya serikali miaka mingi na anauza vitumbua vyake vizuri tu. Alimwona mdogo wangu uani akasema huyu sio ugonjwa, hiyo ni dawa, mimi ilinifanya hivyohivyo, mpelekeni Jumanne.

Jumanne tukafika saa kumi na mbili asubuhi, tukakuta watu kama arobaini. Kadi elfu sita. Benchi la mbao, jua linakufuata kwenye ukuta. Tuliingia saa tano. Anayeanza na wewe ni sista, mtu mzima, miwani inaning'inia kifuani, mama akamsalimia sista akaitikia huku hamwangalii, anaangalia miguu ya mdogo wangu. Hakuuliza sauti, hakuuliza bangi. Akamwambia, "Mwanangu, unashindwa kukaa au hutaki kukaa?" Mdogo wangu akasimama kidogo, akasema nashindwa. "Inaanzia kichwani au miguuni?" Miguuni. "Kabla ya vidonge ilikuwepo?" Haikuwepo. Akaandika kwenye faili, akatwambia hii ina jina lake, akathisia, inatokana na haloperidoli, na mtu anaweza kujidhuru kwa ajili ya hii peke yake kwa hiyo leo hamuondoki mpaka dokta awaone. Mama alianza kulia palepale. Mimi nilishikwa na hasira ambayo sijui niielezeje, kwamba kitu chenye jina, cha kutambulika kwa maswali matatu, kilitusumbua wiki tatu.

Nikaenda kulitafuta lile neno. Ni la Kigiriki, maana yake kutoweza kukaa, na aliyelianzisha ni daktari wa Prague, Ladislav Haškovec, mwaka 1901, yaani hata hizi dawa hazijavumbuliwa. Haloperidoli yenyewe ilitengenezwa Ubelgiji 1958 kwenye maabara ya Paul Janssen na imesaidia watu wengi sana, ipo kwenye hospitali zetu kwa sababu ni ya bei nafuu na inafanya kazi. Lakini kidonge hichohicho Umoja wa Kisovyeti walikitumia kuwaadhibu wapinzani wa serikali. Walikuwa wanawapa jina la skizofrenia inayoenda polepole, wanawafungia hospitali, wanawanywesha. Leonid Plyushch, mwanahisabati, alipoachiwa 1976 akaenda Ufaransa alieleza dunia ile dawa ilivyomfanya, na mwaka 1983 chama cha madaktari wa akili wa Kisovyeti kikajitoa kwenye chama cha dunia kabla ya kufukuzwa. Nilivyosoma hiyo nikakumbuka kandambili za usiku. Simaanishi dokta wa kliniki ya kulipia ni mkatili, hapana, naamini alitaka kusaidia. Ila kama dawa inaweza kuwa adhabu kwenye mikono ya mtu mbaya, basi mtu mwema ana wajibu wa kusikiliza anapoambiwa inauma.

Dokta wa Jumanne alikaa na sisi kama dakika arobaini, foleni ile yote ikiwa nje. Akapima malaria, HIV na kaswende ambavyo kule hatukuwahi kupimwa. Akashusha haloperidoli kidogokidogo, akaongeza propranololi, ile ya presha, ila kwanza akauliza kama ana pumu. Siku ya tatu mdogo wangu alikaa akala wali wote. Baadaye wakamhamishia dawa nyingine ya akili, olanzapini, wakatuonya mapema kwamba inanenepesha na sukari inaweza kupanda, na kweli kila mwezi wanampima uzito, ametoka kilo 58 mpaka 67 kwa miezi mitano na wanalizungumza, hawalifichi. Kwenye faili hajaandikwa skizofrenia. Dokta alisema, "Nimeandika nilichokiona, jina litakuja na muda kama lipo."

Halafu tukaharibu wenyewe. Baba mdogo akaja kutoka Morogoro, akamkuta kijana anacheka anaongea vizuri, akasema sasa mnamlisha sumu ya nini, mtu kapona, hayo yalikuwa mapepo na tumeshaomba. Vidonge vikawekwa juu ya kabati. Wiki ya tatu simu zikaanza kupangwa sakafuni tena. Tulirudi Jumanne tumeinamisha vichwa, mimi nimeshaandaa uongo kwamba dawa ziliibiwa, mdogo wangu akawahi akasema ukweli. Sista akamwambia asante kwa kuniambia, wengi hawaniambii. Basi. Hakumfokea hata kidogo, na kwa sababu hiyo mdogo wangu hajawahi kumficha kitu tena.

Ila ugomvi wa nyumbani haukuisha, baba mdogo anataka aache, mama anataka anywe maisha yote, na mimi usiku nasoma kwenye simu. Nikakuta wataalamu wenyewe wanagombana hivyohivyo. Mwaka 2012 walijumlisha majaribio 65 yenye wagonjwa karibu 6,500, ndani ya mwaka mmoja walioendelea na dawa waliumwa tena 27 kwa mia, walioachishwa 64 kwa mia. Ukisoma hiyo unasema mama yuko sahihi. Halafu 2013 Waholanzi wakaja na wagonjwa 103 waliofuatiliwa miaka saba, wale waliopunguziwa mapema waliopona kabisa kimaisha walikuwa kama 40 kwa mia, na walioshikiliwa kwenye dozi kama 18 kwa mia. Ukasema aa, kupunguza kuna kitu. Halafu Waingereza 2023, watu 253, miaka miwili, waliopunguziwa taratibu maisha yao hayakuwa bora kuliko wenzao na walioumwa tena vibaya walikuwa 25 kwa mia dhidi ya 13. Na huo utafiti wa Waingereza aliyeuongoza ni Joanna Moncrieff, daktari anayejulikana kwa kuzikosoa hizi dawa, na akatoa majibu yalivyo japo hayakumpendelea. Nilimheshimu kwa hilo.

Nikampelekea dokta wa Jumanne maswali hayo yote nimeyaandika kwenye daftari, nikijua nitafukuzwa. Akavaa miwani akasoma ukurasa mzima. Akasema mwaka wa kwanza hatugusi dawa kwa kuwa alishaanguka mara moja, ugonjwa ukarudi, baada ya hapo kama ametulia tutakaa wote, na baba mdogo aje, tutashusha kidogo sana kwa miezi huku nyie mnaangalia usingizi wake, usingizi ndo kengele yenu. Akamgeukia mdogo wangu akamuuliza na wewe mwenyewe unataka nini. Nilikuwa sijawahi kumuuliza hilo swali. Akajibu nataka mikono isitetemeke, nashika bisibisi ndogo. Wakaanzia hapo.

Sasa kwa nini nyota nne na sio tano. Dawa huwa zinaisha dirishani, mara mbili tumeambiwa olanzapini hamna kanunueni nje, na nje bei ni nyingine kabisa, mtu wa kipato chetu anaruka siku ili zifike mwisho wa mwezi na hapo ndo watu wanaanguka. Foleni ni kubwa na dokta ni mmoja. Na kuna kijana wa mapokezi anapaza sauti "wale wa akili pangeni mstari huku", watu wa kliniki ya meno wanageuka wote kuangalia, kuna mama nilimwona siku hiyo alifunika uso kwa khanga akaondoka na sijui kama alirudi. Hilo halihitaji bajeti, linahitaji mtu aambiwe, na nimeshaandika kwenye sanduku la maoni mara mbili.

Kliniki ya kulipia naipa nyota moja, ya ile dawa ya wiki ya kwanza iliyompa usingizi.

Ukienda kokote, andika kwenye daftari siku dawa ilipoanza na siku jambo jipya lilipoanza, hata kama wewe unaona ni dogo, kutetemeka, mate, kutembea, usingizi. Ukifika mwambie dokta, dawa ilianza tarehe hii, hili lilianza tarehe hii, halafu nyamaza umsikilize anajibu nini. Mkiwa hampewi nafasi ya kusema hata hilo ombeni faili muende kwingine, ila vidonge msivikate ghafla mkiwa njiani.

Jumanne iliyopita tulikaa kwenye lile benchi masaa matano na nusu mazima. Mdogo wangu alikuwa anamrekebishia mzee mmoja simu ya kitochi, ameinama, magoti yametulia.