Dawa za minyoo ya kondoo Malindi na Lamu: ipi ununue kwanza

Kondoo wa pwani husumbuliwa na minyoo wa aina nyingi, lakini anayewamaliza mvua zinapokolea ni mmoja: Haemonchus contortus, mnyonya damu anayekaa kwenye tumbo la nne. Usingoje kuhara ndipo umshuku. Kondoo aliyeshambuliwa hupauka ufizi na ndani ya kope, huvimba maji chini ya taya, halafu huanguka malishoni huku kinyesi chake kikiwa bado kizuri tu. Jike la mnyoo huyu hutaga maelfu ya mayai kwa siku, na kwa joto na unyevu wa masika mabuu huwa tayari kuambukiza ndani ya wiki moja hivi.

Kwa hiyo dawa tumezipanga kwa swali moja: inamuua huyu, huku kwetu, hivi sasa? Utafiti uliofanywa pwani ya Kenya miaka ya 1990 ulikwishakuta usugu, yaani minyoo wasiokufa tena kwa dawa, wa dawa zaidi ya moja kwa kondoo na mbuzi wanaofugwa pamoja. Ukifika duka la dawa za mifugo, achana na rangi ya chupa na jina la kampuni. Soma kemikali. Majina ya biashara ni mengi, jamii za dawa ni chache.

Kabla ya chupa: mizani

Kama fedha ni ya kitu kimoja, nunua mizani ya kuning'iniza ya kilo 50 na gunia la kumbebea kondoo. Wengi hukisia kwa macho, na aghalabu hukisia chini. Dozi pungufu huua minyoo dhaifu na kuwaacha wagumu wazaane. Kama kundi lina uzito unaokaribiana, pima aliye mzito kuliko wote na wote watakaokunyweshwa wapewe dozi yake, wanakondoo watenge. Bomba la kunyweshea nalo likaguliwe: liweke kwenye mililita 10, mimina mara kumi kwenye jagi lenye vipimo. Zisipofika 100, mpira umechakaa.

1. Levamisoli

Hii ndiyo tunayoiweka mbele kwa mfugaji wa Ganda, Langobaya au Mpeketoni ambaye miaka yote amekuwa akitumia albendazoli. Ni jamii nyingine kabisa, inapatikana kwa urahisi, na hupoozesha mnyoo upesi. Dozi ni miligramu 7.5 kwa kila kilo. Kwa dawa ya nguvu ya 1.5%, kondoo wa kilo 30 hunywa mililita 15.

Malisho yako yakiwa kandokando ya Sabaki, au upande wa Witu kuelekea mbuga za Tana, nunua ile iliyochanganywa na oksiklozanidi, maana konokono wa maji wa huko huhifadhi minyoo wa ini. Kwenye nchi kavu huna haja ya kuilipia.

Kasoro yake ni kwamba ukizidisha mara mbili au tatu, kondoo hutokwa mate, hutetemeka na huweza kufa. Hapa tena mizani. Usimpe pia kondoo aliyeogeshwa dawa ya kupe ya jamii ya oganofosfeti ndani ya siku 14.

2. Klosanteli

Hii hushika damu na kukaa humo kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kila mnyonya damu mpya anakunywa sumu. Katikati ya mvua, kundi likiwa limepauka, hakuna inayotuliza hali kama hii. Dozi ni miligramu 10 kwa kilo. Kwa dawa ya 5%, kondoo wa kilo 30 apate mililita 6. Haiwagusi tegu wala minyoo wasionyonya damu, ndiyo maana haiko namba moja. Ukizidisha, kondoo huweza kupofuka, na upofu huo haurudi.

3. Albendazoli

Ni dawa nzuri iliyochoshwa na matumizi. Fenbendazoli na oksifendazoli ni jamii hiyohiyo. Ukihama kutoka moja kwenda nyingine, hujahama. Ukifungua kinyesi na kuona vipande vyeupe kama punje za mchele, hao ni tegu, na albendazoli inawatoa. Ila tegu huwatisha watu kuliko wanavyoua.

Kondoo apewe miligramu 7.5 kwa kilo. Kosa la kawaida ni kutotikisa chupa: dawa hutuama chini, wa kwanza wakanywa maji na wa mwisho wakapata dozi kali. Jingine ni mimba. Haipewi kondoo katika mwezi wa kwanza baada ya kupandwa, na huku kwetu dume huzunguka na majike mwaka mzima. Nani atajua yupi yuko mwezi gani?

Kuhusu bei, gawanya kwa dozi. Lita moja ya 2.5% hutoa dozi 111 za kilo 30 (mililita 9 kila mmoja). Lita ya 10% hutoa 444, kwa mililita 2.25. Chupa ya 10% ikiuzwa chini ya mara nne ya bei ya ile nyingine, ndiyo rahisi.

4. Aivamektini ya sindano

Tunaiweka mwisho kwa makusudi. Hutibu upele, kazi ambayo hizo tatu haziwezi, na pia funza wa puani, basi iwekewe kazi hiyo. Ile ya 1% ni mililita 0.6 chini ya ngozi kwa kilo 30, kwa sindano ya mililita 1. Sindano kubwa haipimi kiasi kidogo hivyo. Haiui tegu wala minyoo wa ini.

Mwarobaini hatuupangi. Kipimo chake hakina uhakika.

Baada ya kununua

Dawa ya kupelekwa kisiwani kutoka Mokowe isisafiri juu ya shehena juani. Unyweshaji uwe kwa pembe ya mdomo, nyuma ya ulimi, kichwa kikiwa sawa. Ukikiinua sana dawa huingia mapafuni. Wakati wa mvua kagua kope kila wiki mbili, na wanywe waliopauka tu. Wenye kope nyekundu waache, ili minyoo wasio sugu wabaki kwenye malisho.

Kupima kama dawa bado inafanya kazi, chukua kinyesi siku ya kunywesha na tena baada ya siku 14, umwombe afisa wa mifugo ahesabu mayai ya minyoo. Yakipungua chini ya 95%, badili jamii. Kondoo wa Idd-el-Hajj wahesabiwe nyuma kutoka siku ya kuchinja, kwa siku za kusubiri nyama zilizo kwenye lebo. Mbuzi hawatumii dozi ya kondoo; muulize daktari yao.

Na ukiwa na fedha ya dume jipya, tafuta kondoo mwekundu wa Kimaasai kabla ya yule wa aina ya Dorper. Majaribio ya Diani, Kwale, miaka ya 1990 yaliwaonyesha wanakondoo wake wakiwa na mayai machache ya minyoo, damu nzito zaidi na vifo vichache. Dume hukua polepole kuliko Dorper, lakini wajukuu wake watakunywa dawa mara chache.