Rivyu ya kozi ya sauti kuhusu Mungu na mateso: mbishi mpe, mfiwa usimpe

Nimeimaliza ile kozi ya sauti ya masomo manane inayozunguka kwenye magrupu, ile ya kwa nini Mungu mwenye upendo anaacha uovu na mateso yawepo, na kwa vile kila mtu ananifuata inboksi kuuliza kama inafaa au ni mahubiri yale yale tu, acha nimwage yote hapa mara moja. Jina la mwalimu siliweki, maana kuna mahali nitamsema na mtu wa watu hata simjui. Nyota tatu na nusu kati ya tano. Ingekuwa nne na nusu kama somo la mwisho lisingekuwepo.

Sauti iko safi, mwalimu anaongea taratibu, hapigi kelele, hakuna kinanda cha kukulazimisha ulie huku nyuma, na kila somo linakuja na PDF yake. Kuna toleo la vidio pia ila halina maana, ni maandishi na picha za jua linazama, chukua sauti tu uokoe bando.

Kilichonibakiza ni somo la kwanza, maana jamaa hajalilegeza swali. Wengi wanaofundisha haya mambo wanaanza na swali jepesi makusudi ili jibu lao lionekane kali. Huyu kaanza na lile linalohesabiwa kuwa la Epikuro, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kama lilivyotufikia kupitia Lactantius, mwandishi Mkristo wa karne ya 4: Mungu anataka kuondoa uovu ila hawezi? Basi uwezo wake una mpaka. Anaweza ila hataki? Basi si mwema. Anataka na anaweza? Sasa huu uovu umetoka wapi? Halafu kakuacha nalo hapo hapo, somo limeisha, hakuna cha "lakini ndugu zangu tusivunjike moyo". Mi hapo ndo nikajua huyu angalau anawaheshimu wanaomsikiliza.

Somo la pili ni la hiari. Mwaka 1955 mwanafalsafa J. L. Mackie aliandika kwamba huwezi kushika kwa pamoja kuwa Mungu ana uwezo wote, Mungu ni mwema kabisa, na uovu upo, lazima moja uliachie. Miaka ya 1970 mwanafalsafa Mkristo Alvin Plantinga akamjibu kwamba ukitaka viumbe wenye hiari ya kweli huwezi tena kuwalazimisha wachague mema kila mara, maana ukishalazimisha hiyo hiari imekufa, kwa hiyo hayo matatu yanaweza kukaa pamoja bila kugombana. Mwalimu kaeleza vizuri sana kitu ambacho wabishi wengi hawakishiki, kwamba Plantinga hakudai anajua sababu ya Mungu, alionyesha tu kwamba hakuna kujipinga. Ukimsikia mtu anasema Plantinga "alithibitisha kwa nini kuna uovu" jua kasoma kichwa cha habari.

Ila sasa hiari inakufikisha kwa muuaji, kwa vita, kwa baba anayeipiga familia yake, inaishia hapo. Na hata kwa muuaji mwenyewe nina dukuduku ambalo kozi nzima imelipita kama haijaliona: hiari ya aliyeua inalindwa kiasi hicho, ya aliyeuawa je? Yeye hakuchagua kuendelea kuishi?

Somo la tatu ndo linaingia kwenye yale ambayo hakuna binadamu wa kumlaumu, na hapa jamaa kafanya kazi. Anaanza na Lisbon, mji mkuu wa Ureno, tarehe 1 Novemba 1755, asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wako ibadani, mishumaa imewaka, ardhi ikatikisika. Makanisa yakawaangukia waliokuwa wanasali. Waliokimbilia ufukweni kukwepa majengo wakakutwa na tsunami. Na mjini moto ukashika ukaunguza kwa siku kadhaa. Walikufa makumi ya maelfu. Sasa kumbuka mwanafalsafa Mjerumani Leibniz mwaka 1710 alikuwa ameshaandika kwamba dunia hii ndiyo bora kati ya zote zilizowezekana kuumbwa, basi baada ya Lisbon mwandishi Mfaransa Voltaire akamvaa, kwanza kwa shairi la hasira, halafu mwaka 1759 kwa hadithi ya kejeli iliyowachekesha watu Ulaya nzima. Nilichokipenda zaidi ni kwamba mwalimu hakuishia Ulaya, kamleta Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, ambaye miaka mia sita kabla ya Leibniz alishasema kwamba katika yanayowezekana hakuna kilicho bora zaidi ya hiki kilichopo, na wanazuoni wenzake wakambishia kwa karne kadhaa kwamba anamwekea Mungu mipaka. Yaani mabishano ni ya zamani kuliko tunavyodhani.

Jibu analolitoa pale ni la sheria za maumbile. Mabamba ya dunia yanayosababisha tetemeko ndiyo yanayoinua milima na kuizungusha kaboni kati ya hewa na miamba, na chembe zetu zinavyojinakili kwa makosa madogo madogo ndo viumbe vikabadilika vikawa aina mbalimbali, na makosa hayo hayo ndo saratani. Kwa hiyo ukiitaka dunia inayoenda kwa sheria unapokea na madhara yake. Mi nalikubali nusu. Linaeleza kwa nini kuna matetemeko, halielezi kwa nini yawe makubwa hivi, maana huyu Mungu tunayemzungumzia hizo sheria hakuzikuta zimeshapangwa na mtu mwingine. Mwalimu mwenyewe kaligusa hilo dakika za mwisho akaruka, nadhani muda ulimbana au hakupenda linakoelekea.

La nne ni la maumivu ya mwili, na ndilo nililorudia. Anamweleza Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyezaliwa India kwa wazazi Waingereza, akarudi huko kufanya kazi na wagonjwa wa ukoma Vellore. Watu waliamini ukoma unakula nyama ya vidole. Brand akaonyesha kwamba tatizo liko kwenye mishipa ya fahamu: ugonjwa unaiua, mgonjwa hasikii maumivu, basi anashika sufuria ya moto bila kujua, anatembea na msumari kwenye soli, kidonda kinazidi kuharibika, na kidole kinapotea kidogo kidogo kwa majeraha ambayo mwenye kidole hakuyasikia. Ukishaelewa hilo huwezi tena kusema kirahisi kwamba Mungu mwema angetuumba bila maumivu. Hapo mwalimu kapiga kwenye mshono. Lakini maumivu kama king'ora ni sawa pale ambapo kuna kitu unaweza kufanya ukishakisikia, na mgonjwa wa saratani ya hatua za mwisho king'ora chake kinalia usiku kucha, kila mtu ndani ya nyumba ameshaamka, ameshaelewa, hakuna cha kufanya, na bado kinalia. Hilo king'ora linamtahadharisha nani? Kozi iko kimya.

Tuje la tano, Ayubu. Jamani. Kama una nafasi ya kusikiliza somo moja tu, sikiliza hili, mengine achana nayo. Wengi tunamjua Ayubu wa sura mbili za mwanzo na ya mwisho, mvumilivu, Bwana alitoa Bwana ametwaa, basi. Mwalimu anakupeleka katikati ambako Ayubu anailaani siku aliyozaliwa, anadai kesi, anataka Mungu aje ajibu mashitaka. Wale rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walipofika walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, wakiona maumivu yake ni makubwa mno, na mwalimu anasema hiyo ndiyo kazi nzuri pekee waliyoifanya kwenye kitabu kizima. Walipofungua midomo wakaanza theolojia: Mungu ni wa haki, hivyo lazima kuna kitu ulifanya. Na ukisoma maneno yao pembeni hayana kasoro, mengine yanafanana kabisa na yale tunayoandikiana watu wakifiwa. Mwisho Mungu anamwambia Elifazi kwamba amewakasirikia yeye na wenzake kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kumhusu kama alivyonena Ayubu. Yaani aliyelalamika ndo kapasishwa, watetezi wa Mungu ndo wamekemewa. (Nenda 42:7 kama unadhani nakudanganya.)

Na kingine ambacho sikuwahi kukitilia maanani: Ayubu haambiwi kamwe. Sisi wasomaji tunajua kuhusu yale mazungumzo na Shetani mwanzoni, yeye hajui hadi kitabu kinaisha. Mungu anapoongea kutoka kwenye upepo wa kisulisuli kuanzia sura ya 38 anamuuliza alikuwa wapi misingi ya dunia ilipowekwa, anamtajia ghala za theluji, punda mwitu, mbuni anayeacha mayai yake mchangani, farasi wa vita, na kuhusu wale watoto kumi waliokufa hakuna hata mstari. Baadaye mifugo anarudishiwa mara mbili, watoto anapata wengine kumi. Mwalimu hapo kasimama kidogo akasema wale wa kwanza hawakurudi, halafu kaendelea. Nimempa nyota kwa hilo peke yake.

La sita limebana vitu viwili ambavyo kila kimoja kilistahili somo lake, sijui nani alipanga. Nusu ni Musa katika Sura Al-Kahf na yule mja ambaye mapokeo yanamwita Khidhr: anatoboa jahazi la maskini, anaua kijana, anajenga ukuta kwa watu waliowanyima chakula, Musa kila mara anashindwa kunyamaza, na mwisho anaelezwa sababu za yote. Ni kisa kikali, na ukikiweka kando ya Ayubu unaona tofauti, mmoja kaelezwa mwingine hakuelezwa, ila mwalimu hakuviweka kando kwa kando, kakimbia. Nusu nyingine ni rabi Harold Kushner wa Marekani, ambaye mwanawe Aaron alikuwa na projeria, ule ugonjwa unaomzeesha mtoto, akafariki mwaka 1977 akiwa na miaka 14. Kushner akaachia upande wa uwezo: Mungu ni mwema ila si kila kitu anakimudu. Mwalimu kampinga kwa dakika chache tu, kwa adabu, ila mi naona baba aliyemzika mtoto alipaswa kusikilizwa zaidi kabla ya kurekebishwa.

La saba, kwamba mateso yanakomaza roho, wazo analolipandisha hadi kwa Irenaeus, askofu wa karne ya 2, na ambalo mwanafalsafa John Hick alilipanga upya mwaka 1966. Sawa, kuna watu wamekomaa kwa mateso, kuna waliovunjika pia, na mtoto mchanga aliyekufa kakomaa lini? Hapo kaleta mfano wa mwanafalsafa William Rowe wa mwaka 1979, mtoto wa paa aliyeunguzwa na moto wa radi msituni akalala na majeraha siku kadhaa hadi akafa, hakuna mtu aliyemwona, hakuna roho iliyokomaa. Jibu la mwalimu ni kwamba hatuoni sababu haina maana sababu haipo. Kweli haina maana hiyo. Ila ni jibu linaloweza kufunika kitu chochote kile, na jibu la namna hiyo mi linanitia wasiwasi.

Sasa lile la nane. Limerekodiwa laivu na wasikilizaji wanatuma maswali, na mwalimu yule yule aliyetufundisha Ayubu kageuka Bildadi. Anajumlisha majibu yote kuwa moja, kama vile hiari, sheria za maumbile, kukomaa na fumbo vikishonwa pamoja vinafunika kila tundu, wakati masomo saba yote yameonyesha kila jibu lina eneo lake na nje ya hapo halifiki. Halafu dada mmoja akauliza, sauti yake inasikika kabisa, "Mwalimu shikamoo, mi mwanangu aliishi wiki mbili tu, sasa yeye kwenye hayo yote yuko wapi?" Kukawa kimya kidogo. Kisha "Marahaba, swali zuri sana, turudi kwenye slaidi ya saba." Swali zuri sana! Akaanza kumweleza tofauti ya tatizo la kimantiki (je, Mungu na uovu vinapingana?) na la kiushahidi (je, uovu tunaouona unafanya iwe vigumu kuamini Mungu yupo?). Dada kasema "asante mwalimu" kikaishia hapo, na hakuna aliyelikata hilo kwenye kuhariri, maana yake waliona liko sawa.

Kwa hiyo nani anunue? Kama una kijana anayebishana chuoni, au mwenyewe swali linakukera kichwani na hauko katikati ya msiba, chukua bila wasiwasi, anza na la kwanza, ruka hadi la tano, ndipo urudi kwa mengine. Aliyefiwa wiki hii usimtumie link, nenda ukae naye. Nimewaandikia waliotengeneza wakate kile kipande cha dada yule, hawajajibu. Na PDF ya somo la tano ina kosa, inakutuma usome sura ya 28 badala ya 38, kwa hiyo ukifungua ukakutana na habari za machimbo ya fedha na mahali hekima inapopatikana, hujapotea, sogea sura kumi mbele.