Eraser kwenye kompyuta ya steshenari: nimeitumia, kisha nikaikagua kwa Recuva

Nina steshenari Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Msimu wa maombi ya mkopo wa wanafunzi wa HESLB (Bodi ya Mikopo) ukifika, foleni ni asubuhi mpaka usiku. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha mzazi, matokeo ya kidato cha nne, kitambulisho cha NIDA: vyote vinapita kwenye skana yangu na nakala inabaki kwenye kompyuta. Nilipotaka kuuza desktop ya zamani, kabla hata sijatafuta mteja nilitaka kuhakikisha karatasi za watoto wa watu haziondoki nayo. Kazi hiyo niliifanya kwa Eraser, programu ya kufuta mafaili yasirudishike tena.

Fundi akaniambia, "Dada, hiyo piga Windows upya tu, vyote vinaondoka." Haviondoki. Ukifuta faili na kumwaga pipa la taka, Windows inafuta kumbukumbu ya mahali faili lilipokaa na kuihesabu nafasi ile kuwa wazi. Picha yenyewe inabaki kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Na fomati ya haraka, ambayo mafundi wengi huitumia wakati wa kupiga Windows, haina tofauti.

Nilishusha Recuva, programu ya bure ya kurudisha mafaili yaliyofutwa, nikaielekeza diski D ambako skana huhifadhi kazi. Orodha ikajaa vidoti vya kijani, maana yake faili bado ni zima. Nikabofya kimojawapo: kitambulisho cha binti mmoja, sura yake hiyo, namba yake inasomeka tarakimu kwa tarakimu. Faili hilo lilikuwa limefutwa zamani. Moyo uliniuma, kwa sababu binti huyo aliniamini kwa kulipia skani ya shilingi mia chache tu.

Ndipo nikaweka Eraser. Ni ya bure, na ukishaiweka inajiongeza kwenye menyu ya kitufe cha kulia cha mausi. Inaandika data isiyo na maana juu ya faili kabla ya kuliondoa. Kilichonifaa zaidi ni uwezo wake wa kusafisha nafasi iliyo wazi, maana mafaili yangu mengi yalikuwa yameshafutwa kwa njia ya kawaida.

Nilichobadilisha mapema ni idadi ya mizunguko. Kwa mafaili, nilikuta imepangiwa njia ya Gutmann, yaani kuandika juu mara 35. Peter Gutmann, mtaalamu wa kompyuta, aliitoa mwaka 1996 akilenga teknolojia mbalimbali za diski za wakati ule, na baadaye yeye mwenyewe akaeleza kwamba hakuna diski inayohitaji mizunguko yote hiyo. Mwongozo wa 2014 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, nao ulisema kwa diski za kuzunguka, kuandika juu mara moja kwa kawaida kunatosha. Nikachagua mara moja. Hata hivyo diski ya GB 500 ni kazi ya kuiacha usiku, na kama huna UPS, umeme ukikatika unaanza upya.

Nikarudi kwa Recuva, safari hii kwa uchunguzi wa kina. Majina yamekuwa herufi za ovyo na hakuna picha hata moja inayofunguka. Hapo ndipo nilipoiamini. Usiishie kusoma kwamba kazi imekamilika, kagua mwenyewe.

Diski C ina shida yake: Eraser haiwezi kuifuta yote wakati Windows inaitumia. Niliichomoa, nikaiunga kwenye laptop kwa kebo ya SATA kwenda USB, nikaifuta nzima, kisha fundi akapiga Windows. Ni bora hivyo, kwa sababu nakala hujificha kwingi: folda ya vitu vilivyoshushwa, WhatsApp ya kwenye kompyuta, hata vipicha vidogo ambavyo Windows hujitunzia.

Kwa SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, Eraser siishauri kabisa. SSD hutawanya maandishi kwenye chipu zake zisichakae upande mmoja, kwa hiyo ukiandika juu, data mpya inaweza kwenda kwingine na ya zamani ikabaki. Huko tumia programu ya mtengenezaji wa diski yenye amri ya kufuta yote, au washa BitLocker, inayofunga data yote ya diski kwa ufunguo wa siri, tangu siku ya kwanza kama Windows yako ni Pro.

Wenzangu wa steshenari, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na vitambulisho tunavyoskani ni taarifa binafsi za watu. Mimi siku hizi naskani moja kwa moja kwenye flash ya mteja. Asiye na flash namtumia kwa imeili yake, kisha nabofya Eraser akiwa bado amesimama kaunta.