Dola Inayotumikisha Maiti: nimeisoma Blood of the Old Kings

Kilichonivuta kwanza ni jina la mfasiri. Anton Hur ndiye aliyetuletea kwa Kiingereza Cursed Bunny ya Bora Chung, kitabu kilichoingia orodha fupi ya tuzo ya kimataifa ya Booker mwaka 2022. Tangu hapo, akitafsiri kitu mimi nanunua kwanza, maswali baadaye. Safari hii ni riwaya ya Sung-il Kim, mwandishi wa Korea Kusini, ya kwanza kati ya tatu, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 2024. Nimeisoma kwenye simu, usiku, mwanga umepunguzwa ili nisisumbue watu.

Ardhi ya hadithi ni hii: kuna Dola iliyomeza nchi za watu moja baada ya nyingine, na nguvu zake zinatoka kwa wachawi waliokufa. Ukizaliwa na kipaji cha uchawi, kifo hakikuachi huru. Maiti yako itafungwa minyororo na kukamuliwa nguvu ili mambo ya Dola yaende. Kwa lugha ya kwetu, ni misukule, ila hii ni ya serikali. Hakuna bibi kizee anayelimisha watu shamba usiku wa manane. Kuna chuo, kuna utaratibu, kuna wanaoingia kazini asubuhi, na mwanafunzi anajua tangu mapema kwamba anasomeshwa ili siku moja awe kuni. Hapo ndipo kitabu kiliponikamata. Vitabu vingi vya njozi (fantasia) huipa dola mfalme mwendawazimu mmoja, ukimuua mambo yameisha. Hii haiishi kwa kumuua mtu mmoja, maana kila mtu anaishi ndani yake, na wengine wanaishi vizuri tu.

Hadithi inabebwa na watu watatu. Loran ni mjane hodari wa upanga anayekwenda kwenye volkano kumpigia magoti joka lenye macho saba. Zamani joka hilo lilikuwa mlinzi wa watu wake, sasa nalo limefungwa minyororo ya Dola. Anaondoka na upanga wa jino la joka na mzigo mkubwa kuliko ule aliokwenda nao. Arienne ni binti mwenye uchawi aliyekwisha kuikubali hatima yake, mpaka sauti ya mchawi aliyekufa zamani inapoanza kusema naye kichwani. Cain anaishi makao makuu ya Dola, ndiye mtu wa kumwendea ukiwa na shida; rafiki yake aliyemlea kimjini anauawa, naye anaanza kuulizauliza.

Kwangu mimi Arienne amewafunika wenzake. Mwandishi amemwandikia woga wa kweli: ana sauti inayomwahidi ukombozi, na hana namna ya kujua kama sauti hiyo inamtakia mema au inatafuta mwili wa kuutumia. Yaani kila anayemjia na msaada, Dola au adui wa Dola, anamwona kama chombo. Loran nilimpenda, ila njia yake imenyooka sana. Ukishasoma ya volkano unajua anaelekea wapi. Cain ndiye aliyenichosha. Upelelezi wake unapita kwa watu wengi wanaotajwa na kutoweka, na mara mbili tatu nilirudi nyuma kuangalia fulani ni nani. Sura zinapokezana kati yao watatu, kwa hiyo uvumilivu unalipwa haraka, lakini nikiri kuna usiku nilizima simu kwenye sura yake.

Wapenzi wa tamthilia za Kikorea niwaonye mapema: msitafute humu kasri za enzi ya wafalme wa Joseon, mavazi ya hanbok wala kimchi. Majina ndiyo hayo, Loran, Cain, Arienne, na mazingira ni ya panga, majimbo na mji mkuu wenye kiburi. Nilianza kwa kununa kidogo, nikidhani nimeuziwa njozi ya Kizungu iliyopitia Seoul. Lakini Korea imo, imekaa chini chini. Japani iliitwaa nchi ile mwaka 1910 na kuishika hadi 1945. Katika miaka ya mwisho Wakorea walishinikizwa kuchukua majina ya Kijapani, na wengi wakapelekwa kufanya kazi kwenye migodi na viwanda vya mtawala. Siwezi kumsemea mwandishi nia yake. Ninachosema ni kwamba maelezo ya mtu wa jimbo lililotekwa, anayeishi katikati ya mji wa waliomteka na kupimwa kila siku kwa faida anayowaletea, hayasomeki kama mchezo.

Na mimi nilikuwa na mtu wangu kichwani muda wote: Mkwawa, mtawala wa Wahehe wa Iringa aliyepigana na Wajerumani. Alijiua mwaka 1898 ili Wajerumani wasimpate hai, wakamkata kichwa akiwa maiti na fuvu likaenda Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulilitaja kwa jina kwamba lirudishwe, na bado lilifika Kalenga mwaka 1954. Mtu wa Iringa akisoma kuhusu dola isiyoachia maiti, hatasema mwandishi ametia chumvi.

Kiingereza chake ni chepesi, sentensi fupi, mapigano hayarefushwi bila sababu. Damu ipo na vifo vipo, mtoto wa shule ya msingi asipewe. Ukitaka ulimwengu uliochorwa mpaka bei ya mkate sokoni, utaona mwandishi amebana. Mengi kuhusu Dola ilivyoanza yanaachwa gizani. Mimi naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja Cain anaijua ilikokwenda. Kitabu cha pili, Blood for the Undying Throne, nimekiweka kwenye foleni baada ya mwisho wa mwezi.