Bunduki ilienda servisi nyeusi ikarudi nyeupe: duka la kwanza na fundi wa pili, hapa hapa Arusha

Nianze na maksi kwa wale wavivu wa kusoma. Duka la kwanza moja kati ya tano, na hiyo moja nimewapa kwa sababu wana kiti cha kukalia ukisubiri. Fundi wa pili nne na nusu. Majina siweki, msianze kubashiri.

Bunduki yenyewe ni CZ 550 ya .375 H&H, yaani ya risasi za wanyama wakubwa, imetengenezwa Czech, natembea nayo kazini na wageni wa uwindaji kwa hiyo siyo pambo la kabatini, ina makovu yake ya Longido na Maswa na sina shida nayo. Weusi wa chuma ulikuwa bado upo vizuri, umefifia kwenye kishikio cha bolti (kile chuma unachovuta kuingiza risasi) na pale chini ninaposhikia nikibeba, na hiyo ni kawaida maana jasho lina chumvi na mkono unasugua kila siku. Nilichotaka ni servisi tu kabla msimu haujafunguliwa Julai, mtutu usafishwe ndani, trigga ikaguliwe, na ka kutu kadogo kalikoota karibu na mdomo wa mtutu wakati wa masika katolewe. Elfu themanini, nikalipa.

Siku ya kuchukua naletewa kitu kinang'aa kama kijiko. Mdomo wa mtutu mweupe, kibati cha chini kinachofunga magazini cheupe, pembeni kijivu cha mabaka mabaka, af kwenye kitako vanishi imevimba pale mbao inapokutana na chuma. Namuuliza kijana wa kaunta, dogo weusi umeenda wapi, ananijibu bila hata wasiwasi, "Bro hiyo imetoka na uchafu, bunduki ikishakaa miaka ukiisafisha vizuri lazima rangi itoke," na akanionesha kitambaa cheusi tii eti ndo rangi hiyo.

Sasa hapa tuelewane maana najua siyo mimi peke yangu nimeambiwa hivi. Ule weusi siyo rangi ya kupaka. Ni uso wa chuma chenyewe umegeuzwa kiwandani kuwa oksaidi nyeusi, magnetiti, kwa kuchemshwa kwenye kostiki soda na chumvi za naitreti kwenye joto la nyuzi 140 hivi. Ni mwembamba sana, maikroni moja au mbili, lakini umeshikana na chuma, hautoki kwa oili, hautoki kwa mafuta ya taa, na kitambaa laini sugua mpaka jioni hautaki. Ule weusi wa kwenye kitambaa ni masizi ya baruti. Ukiona kijani au bluu ni shaba ya risasi inayobaki ndani ya mtutu, ukiona kahawia ni kutu. Kinachoweza kuuondoa ni kukwangua, yaani msasa au brashi ya waya, au asidi, na asidi haihitaji iwe kali sana, hata siki ya jikoni inaumaliza.

Nikamwambia haya nioneshe mlichotumia. Akaleta galoni ya dawa ya kutolea kutu, ile ile ya mafundi bodi wa magari, ubavuni imeandikwa asidi ya fosfori. Basi kesi imeisha. Kutu ni oksaidi ya chuma na weusi nao ni oksaidi ya chuma, hiyo dawa itajuaje ibakize ipi? Inakula vyote. Na kitako wamekipulizia dawa ya kusafishia breki, ambayo kwenye chuma haina neno ila vanishi inaivimbisha na kuiharibu.

Kwa haki yao ndani ya mtutu walisafisha safi sana, trigga pia sina lawama. Pesa hawakurudisha, wakasema wataipuliza rangi nyeusi ya kopo bure, nikasema asanteni nikabeba mzigo wangu. (Kuna bunduki kweli zina rangi ya kupakwa tangu kiwandani, na kuna zenye vipande vya alumini, hizo thina inaweza ikazivua na alumini hata haikubali dawa hizi za kutia chuma weusi, kwa hiyo kabla ya kugombana na mtu ujue kwanza yako ni ya aina gani.)

Fundi wa pili nimeelekezwa na PH mmoja, yaani mwindaji mtaalamu anayeongoza wageni. Ni mzee wa makamo anafanyia kazi nyuma ya duka lenye leseni ya silaha, ofisi ndogo, hakuna bango la maana. Nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia huku macho yake yapo kwenye mtutu, "Marahaba baba, nani kaiogesha hii asidi?" Hata sijafungua mdomo kueleza.

Kazi akaigawa. Mdomo wa mtutu na kishikio cha bolti akavifanyia dawa ya baridi, ya kurudisha weusi bila kuchemsha, ile ya chupa ndogo yenye seleniamu. Kwanza alifuta mafuta yote kwa spiriti, na hapa alichukua muda kuliko kote, anasema ukiacha hata alama ya kidole dawa inatoka na madoa, akapasha chuma joto kidogo kwa draya ya nywele, akapaka kwa pamba, dirisha wazi na glavu mkononi maana seleniamu ni sumu, akasuuza, akapaka oili. Dakika chache tu chuma cheusi. Nikaanza kumsifia akanikatisha, "Usinisifu hapo, hiyo ni kiraka, panaposhikwa shikwa patafifia tena." Nilimpenda hapo hapo kwa kweli, fundi gani anakukatia tamaa mwenyewe kabla hujalipa.

Kibati cha chini ndo kilinifurahisha. Alikifungua akabaki nacho, bunduki nikarudi nayo, hataki silaha ya mtu ilale kwake bila makaratasi. Kibati anakipaka maji yake ya kuotesha kutu, ndiyo, kuotesha kutu, anakiweka kwenye sanduku lenye unyevu mpaka kinaota kutu nyembamba nyekundu pande zote, kisha anakichemsha kwenye maji safi na ile nyekundu inageuka nyeusi, magnetiti ile ile ya kiwandani imekuja kwa njia ya taratibu. Ule unga wa juu anausugua kwa pamba laini ya chuma, anapaka tena, anaotesha tena, anachemsha tena, na kila mzunguko weusi unazidi kukolea. Bunduki za mitutu miwili za Kiingereza zinafanywa hivi, kostiki ya moto haziiwezi maana inakula lehemu laini inayounganisha mitutu.

Na maji hayo ya kuchemshia siyo ya bomba, anakinga ya mvua kwenye pipa. Maji yetu haya yana madini mengi, yanaacha madoa kwenye chuma. Sisi tuliokulia Maji ya Chai wala hatukuhitaji maelezo zaidi, meno yetu ya kahawia yanajieleza.

Matokeo: kibati kimetoka na weusi wa kina, haung'ai sana, mi naona ni mzuri kuliko ule wa mwanzo. Mdomo wa mtutu ukiutazama juani unaona kama zambarau kwa mbali na haufanani kabisa na mtutu uliobaki, ukijua pa kuangalia utaona, mgeni hawezi kuona. Laki na ishirini kwa vyote, na kwa kazi ile siyo ghali. Nusu nyota nimemkata kwa ajili ya simu, hapokei, meseji hajibu, unaenda tu kuchungulia kama kibati kimeiva.

Aliniambia nifute kwa Ballistol kila nikitoka porini, hiyo ya Wajerumani ya tangu 1904, maana haina asidi na mbao haidhuru. WD-40 tunayopulizia wote inafukuza maji vizuri, ila ukitaka bunduki ikae stoo mvua nzima weka oili ya kukaa au nta. Na wale wa porini kwenye mbung'o, dawa ya wadudu yenye DEET ukishajipaka nawa mikono kabla hujashika kitako, inalainisha vanishi na plastiki, nimeshaona kitako cha mgeni kina alama za vidole vitano.

Ukienda kwake nenda na leseni yako, bunduki haina risasi na bolti imetolewa, na usiende wiki ya mwisho ya Juni utakuta foleni ya kampuni zote za uwindaji. Mbao hashiki kabisa, kwa hiyo kitako changu bado kimevimba vile vile, kama kuna anayemjua fundi wa kitako anayetumia mafuta ya kitani na siyo vanishi ya makabati, Arusha au hata Moshi nitashuka, aniandikie.