Lukmaan, Mkunazini: chai ya Jumapili inayoungana na chakula cha mchana

Jumapili nikiwa Unguja sinywi chai nyumbani. Nashuka Mkunazini, karibu na Kanisa la Anglikana, naingia Lukmaan mnamo saa tano. Hapa unakwenda mwenyewe kaunta, unaonyesha unachotaka, unapakuliwa. Changu ni pweza wa nazi kwa chapati. Pweza laini kabisa, tui zito limeshika kila kipande, na chapati ukiichana inaachia tabaka moja moja. Basi mchuzi ule hausalii sahanini. Marehemu baba alipenda kukaa nje, upande wa mbuyu, na juisi yake ya ukwaju. Nami nimerithi vyote viwili. Bei haitishi, na sahani moja yatosha watu wawili wasio na njaa kali.